Je, wajua upana wa mkondo wa Likoni, Mombasa, unaweza kupimwa bila kupanda feri?

Simama Mama Ngina, pale penye mibuyu, utazame ng'ambo ya Likoni. Meli zapita katikati zikiingia bandari ya Kilindini, na hakuna wa kukushikia ncha ya utepe upande wa pili. Upana wa maji utaupata vivyo hivyo.

Chagua mnazi mmoja ng'ambo, karibu na maji. Upande wako pima mstari ulionyooka wa mita 300 kandokando ya ufuo, kutoka A hadi B. Ukiwa A, pima pembe kati ya mstari huo na mnazi: tuseme nyuzi 70. Nenda B upime tena: tuseme 78. Pembe tatu za pembetatu jumla yake ni 180, basi ile ya kwenye mnazi ni 32, na hukuifuata huko.

Pembetatu hii haina pembe mraba, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras haitufai. Tunatumia kanuni ya sini (sine: katika pembetatu yenye pembe mraba, ni upande unaoitazama pembe ukigawanywa kwa upande mrefu kuliko yote): ukigawanya kila upande kwa sini ya pembe inayoutazama, jibu ni lilelile kwa pande zote tatu. Kwa nini? Teremsha mstari wima kutoka kwenye mnazi hadi kwenye mstari wako. Pembetatu imekatika, zikazaliwa mbili zenye pembe mraba, na zote mbili zina kimo kimoja. Ukikitafuta kimo hicho kupitia A au kupitia B, lazima majibu yalingane. Kanuni nzima imetoka hapo, na uzuri wake ni kwamba kimo chenyewe ndicho upana tunaoutafuta!

Kutoka A hadi mnazi ni 300 × sini 78 ÷ sini 32, yaani kama mita 554. Zidisha kwa sini 70, upate upana wa mita 520 hivi.

Mwanahisabati Nasir al-Din al-Tusi aliieleza kanuni hii ya sini katika karne ya 13. Ukiwa na pande mbili na pembe iliyo kati yake, tumia kanuni ya kosini (cosine: upande ulio kando ya pembe ukigawanywa kwa ule mrefu kuliko yote), ambayo Wafaransa huiita kwa jina la mwanahisabati Al-Kashi, aliyefariki 1429. Hiyo ni Pythagoras iliyorekebishwa: pembe ikifika 90, kosini ni sifuri na marekebisho yanatoweka.

Jihadhari na jambo moja wanafunzi wengi hulipita: sini ya 50 ni sawa na sini ya 130. Ukijua pande mbili na pembe isiyo kati yake, huenda pembetatu mbili tofauti zikakubaliana na vipimo vyako, moja ya pembe kali na nyingine ya pembe butu. Kikokotoo kitakupa ile kali tu.

Na usiufupishe mno mstari wa msingi, yaani ule wa A hadi B. Kwa mita 300, ukikosea pembe ya B kwa nyuzi moja, upana hubadilika kwa takriban asilimia 3. Kwa mita 30, pembe ya kwenye mnazi hubaki nyuzi 3 hivi, na kosa hilohilo laweza kula karibu robo ya jibu.