Terminali ni mwisho wa nini?

Juzi hapa Kirumba kijana mmoja aliniletea laptopu yake akilalamika kwamba Vim, programu anayoandikia kodi za kompyuta, imeharibika. Ameifuta na kuiweka upya mara tatu, bado maelezo ya pembeni kwenye kodi yake yanatoka kwa bluu iliyokolea juu ya weusi, hayasomeki hata ukifunga pazia kuzuia mwanga wa ziwani. Nikamuuliza anatumia terminali gani. Akanijibu, "Si ndiyo hiyo Vim, kaka?" Yeye si wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Terminali ni kifaa, na siku hizi ni dirisha tu, kinachopeleka herufi unazobonyeza na kukuonyesha zinazorudi. Basi.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, terminus, yaani mpaka. Warumi walikuwa hata na mungu wa mawe ya mipaka mwenye jina hilohilo. Watu wa reli wakalichukua wakakiita hivyo kituo cha mwisho, na hapo mtu wa Mwanza hahitaji mwalimu. Kigoma wanajisifu kuwa ndio mwisho wa reli, lakini hata kwetu, ilipofika kutoka Tabora mwaka 1928, ilikomea majini. (Mwaka huohuo IBM ilitoa kadi ya kutoboa yenye safu 80, safu moja kwa herufi moja, na upana huo ndio tuliourithi: mara nyingi dirisha jeusi bado hufunguka kwa herufi 80.) Wahandisi nao walivuta waya kutoka kwenye kompyuta kubwa, na kile kilichokaa kwenye ncha ya waya, mbele ya mtu, wakakiita terminali. Kuna wakati kilikuwa mashine ya kuchapa kwenye karatasi, kama Teletype Model 33 ya 1963, herufi 10 kwa sekunde. Herufi tty unazokutana nazo kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni mabaki ya jina hilo la Teletype. Mwaka 1978 ikaja VT100 ya kampuni ya DEC, yenye kioo, mistari 24 ya herufi 80, na dirisha lako linaiigiza mpaka leo.

Sasa, gati si meli. Taa za gatini zikififia, hakuna anayeipeleka meli ya Bukoba kwa fundi. Terminali ni gati, Vim ni meli. Hata sheli si terminali, na simaanishi sheli ya kujazia mafuta bodaboda, nasema programu inayosoma amri zako, kama Bash. Nayo ni abiria tu humo ndani.

Jambo linalowapotosha wengi ni rangi. Programu ya maandishi kwa kawaida haitumi rangi, inatuma namba. Ikituma 34 imesema "bluu", imemaliza. Bluu ya aina gani, ya anga au ya usiku wa manane, inaamua terminali. Aina ya herufi na ukubwa wake ndiyo kabisa, Vim iliyo ndani ya terminali haina habari navyo.

Halafu kuna ile amri ya Vim, set background=dark. Watu wanaiandika wakitegemea dirisha ligeuke jeusi, lisipogeuka wanakasirika. Haikuwekwa kwa kazi hiyo. Inaiambia Vim kwamba nyuma ya maandishi tayari ni kweusi, ili ichague namba za rangi zitakazoonekana. Ni taarifa, si rangi ya kupaka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiifute Vim mara ya nne. Iandikie amri hiyo, au fungua mipangilio ya dirisha lenyewe, sehemu ya rangi, uing'arishe kidogo ile bluu. Na siku nyingine ukija, sema tu, "Kaka, terminali yangu ina bluu mbaya." Nitakuwa nimeshakuelewa kabla hujavuta kiti.