Vijana wa juu ya paa: yale tuliyoyasema kwa kinyozi, na yalivyo

Jumamosi moja jioni, huku Majengo mjini Goma, mvua ilitufungia ndani kwa kinyozi watu wengi kuliko viti. Kijana mmoja akachomeka flashi kwenye televisheni. Ilikuwa Roof Culture Asia, dokumentari ya mwaka 2017: Waingereza saba wa Storror, kikundi cha parkuri (mchezo wa kupita vikwazo kwa kukimbia, kuruka na kukwea), wanapanda mapaa ya Hong Kong, Tokyo na Seoul, wanakimbia, wanaruka kutoka jengo moja hadi lingine. Kinyozi alizima mashine akakodoa macho, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. Mama anayeuza mandazi pale mlangoni ndiye aliyevunja kimya: "Bale batoto beko bazima mu kichwa?"

Basi yakaanza. Kila mtu alikuwa na lake, na mengi hayakuwa kweli. Nimekusanya machache.

"Ni wazimu hao, wanatafuta kufa"

Hili ndilo lililobishaniwa zaidi, na lina sababu yake. Kuruka kwenyewe kunachukua sekunde mbili tatu, na jicho linabaki pale. Kazi iliyofanyika kabla haimshangazi mtu. Mruka paa anayeijua kazi yake hupima nafasi kwa nyayo, anahesabu. Kisha anashuka chini, anapima umbali uleule kwenye ardhi tambarare na kuuruka tena na tena mpaka miguu inauzoea. Akirudi juu anapiga ukingo kwa kisigino kusikia kama unatikisika, anafagia changarawe mahali atakapotua, anagusa kama kuna unyevu. Na mara nyingi, baada ya yote hayo, anasema hapana na kushuka kwa ngazi.

Kati yetu alikuwamo papa mmoja fundi wa kujenga. Yeye hakuangalia wanarukaje, aliangalia kuta. "Ule ukuta wa pembeni," akasema, "mimi ningetaka kwanza kujua kama una chuma ndani." Akatueleza kwamba ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa mara nyingi ni matofali tu yaliyopakwa simenti, kwa nje unafanana kabisa na zege. Nadhani ndilo jambo la akili zaidi lililosemwa jioni ile, na warukaji wenyewe wangemwelewa.

Nami nikauliza: wale wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, wanaoteremka kutoka Kibumba na magunia yamepangwa mpaka kifuani, breki ni kipande cha mpira wa gari wanachokikanyaga nyuma, mbona hao hatuwaiti wazimu? Kinyozi akajibu kwamba wale wanatafuta chakula. Sawa. Lakini amekubali basi kwamba wanajua wanachokifanya.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Watu wameumia na wengine wamekufa juu ya mapaa; kupima kunapunguza hatari, hakuifuti. Ila tusichanganye mambo. Wapo wanaoning'inia kwa mikono kwenye majengo marefu ili wapigwe picha. Wu Yongning wa China, aliyeanguka kutoka jengo la ghorofa 62 mjini Changsha mnamo Novemba 2017, alikuwa wa kundi hilo. Kwao urefu ndio mchezo wenyewe. Katika parkuri mchezo ni namna ya kupita: kuruka, kukwea, kutua, kuendelea. Sehemu kubwa ya mafunzo yake hufanyika kwenye vikuta vya kiunoni.

"Pale wameruka mita ishirini!"

Hapana. Rekodi ya dunia ya kuruka mbali ni mita 8.95, ya Mmarekani Mike Powell, naye aliiweka Tokyo mwaka 1991. Tena alikuwa na njia ndefu ya kukimbilia, na alitua kwa makalio ndani ya mchanga. Mruka paa ana hatua chache tu za kukimbia, na lazima atue kwa miguu juu ya simenti. Kwa hiyo upana anaouruka ni mdogo kuliko unavyodhani.

Kinachotudanganya ni kina. Mbele ya kinyozi wetu kuna mtaro wa maji ambao kila mtoto wa mtaa anauruka akienda shule. Uchukue mtaro huohuo uuweke kati ya majengo mawili ya ghorofa ishirini: upana haujaongezeka hata sentimita moja, lakini wewe na mimi hatutausogelea.

"Viatu vyao vina springi"

Havina. Ni raba za kawaida, soli inayoshika. Ukianguka kutoka mita 3 unagusa chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa; kutoka mita 6, karibu 39. Hakuna soli inayoumeza mwendo huo. Unamezwa na vifundo, magoti na nyonga vinavyokunjwa kwa mpangilio, na kama bado umebaki, mtu anaviringika: anaanzia begani, anapita mgongoni kwa mshazari, anatokea nyonga ya upande wa pili, anainuka akikimbia. Anayetua miguu ikiwa imenyooka anapeleka kila kitu kwenye mifupa.

"Hizo ni sinema, kuna kamba"

Kwenye filamu za kuigiza, ndiyo, kamba zinaweza kuwepo na kompyuta ikazifuta. Sébastien Foucan, mwanaparkuri wa Ufaransa tuliyemwona akikimbizwa juu ya winchi za ujenzi katika filamu ya James Bond, Casino Royale ya 2006, alikuwa kazini kama mwigizaji. Lakini ni Foucan huyohuyo aliyeonekana katika dokumentari ya Jump London mwaka 2003, pamoja na wenzake wawili kutoka Ufaransa, wakaruka juu ya Royal Albert Hall na meli ya kivita HMS Belfast. Pale ruhusa iliombwa ikatolewa. Timu za siku hizi zinazozunguka miji ya watu mara nyingi haziombi, na mimi hapo siwatetei: paa lina mwenyewe, mlinzi ana kazi yake, na mgeni akikosea anayepanda kumfuata ni mwenyeji.

"Ayo ni mambo ya Wazungu"

Hapa nilisimama. Kwa sababu kijana aliyesema hivyo alikuwa amevaa fulana iliyoandikwa neno la Kilingala, na kikundi kilichoitangaza parkuri duniani kina jina la Kilingala.

Kiliitwa Yamakasi. Ni ya makasi: mwenye nguvu, wa kukaza. Mswahili wa Mombasa akisikia makasi atadhani unatafuta kitu cha kukatia nguo, lakini hapa Goma hatuhitaji mtafsiri. Mmoja wa waanzilishi, Guylain N'Guba Boyeke, ana asili ya Kongo. Wengine walikuwa watoto wa familia zenye mizizi Vietnam, Guadeloupe na kwingineko, wamekulia Lisses na Évry, vitongoji vya kusini mwa Paris. David Belle, anayetajwa zaidi ya wote, alipata mengi kwa baba yake Raymond, aliyezaliwa Vietnam na kuwa mzimamoto wa Paris. Wala Lisses haina maghorofa kama ya Hong Kong. Ina ngazi, vikuta, miti, na mnara wa zege wa kukwea uitwao Dame du Lac. Filamu ya Yamakasi ya mwaka 2001 ndiyo iliyolipeleka jina hilo mbali.

Neno parkuri nalo limetoka kwenye parcours, njia ya kupita, na nyuma yake kuna njia ya vikwazo ya mafunzo ya askari. Hiyo inaturudisha kwa Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyezaliwa 1875. Tarehe 8 Mei 1902, mlima Pelée ulilipuka katika kisiwa cha Martinique na kuuangamiza mji wa Saint-Pierre, watu wapatao 28,000 wakafa. Husimuliwa kwamba Hébert alikuwa katika kazi ya kuokoa walionusurika, na kwamba pale ndipo lilipokomaa wazo lake: nguvu ya mwili ina maana pale inapomfaa mwenzako. Baadaye akatunga mafunzo ya kukimbia, kukwea, kuruka, kubeba na kuogelea. Katika kusafiri kwake, Afrika ikiwemo, alivutiwa na watu wenye miili mepesi na hodari ambao hawakuwahi kuwa na mwalimu wa mazoezi. Maisha ndiyo yaliyowafundisha.

Nilipofika hapo kwa kinyozi hakuna aliyecheka tena. Mlima unaolipuka si hadithi ya kigeni kwetu. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Na usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anga lilipokuwa jekundu, mimi mwenyewe niliruka ukuta wa jirani nikiwa na godoro kichwani, ukuta ambao mchana wa kawaida ningeuzunguka. Sikupima kwa nyayo. Goti lilinikumbusha wiki tatu.

Wala si sisi tu tulio mbali na Paris. Huko Gaza, vijana wa Khan Younis waliianza parkuri mwaka 2005 baada ya kuona Jump London kwenye televisheni, wakajifunzia kwenye mchanga na makaburini kwa kuwa hapakuwa na ukumbi.

"Basi na sisi tupande"

Upande wapi? Mapaa yale ya Asia ni zege bapa. Sisi tuna mabati juu ya mbao. Bati linateleza asubuhi kwa umande, linaungua mchana, na kati ya boriti na boriti hakuna kinachokushikilia. Kijana wa jirani alijaribu kutoka paa la jiko kwenda paa la choo. Mguu ukapita ndani ya bati mpaka pajani. Kidonda kilipona kabla ya deni la bati kuisha. Chini nako ni jiwe la volkano, ambalo ukiviringika juu yake litakuchuna ngozi kama kikwangulio. Tena katika mji huu, mtu anayekimbia juu ya mapaa jioni hapewi nafasi ya kueleza kwamba ni mwanamichezo.

Anayetaka kweli aanze na ukuta wa kiunoni, fungu la mchanga wa ujenzi, ngazi za shule siku ya Jumapili. Aone kwanza kama anaweza kutua bila sauti. Kishindo kikisikika, bado.

Mvua ilipokatika, mteja mwenye nusu ya nywele akadai haki yake. Wengine tulitoka. Nje, yule kijana wa fulana alikuwa amesimama kwenye mtaro uliofurika, anapima ukingo kwa nyayo, kisigino mbele ya kidole. Alifika saba, akayatazama maji, akazunguka kupita kwenye ubao. Mama wa mandazi akamwita: "Papa, umeogopa?" Akasema hapana, kule ng'ambo kuna matope.