Kofia ya ubongo haipimi kama mtoto ameelewa

Nimelisikia tena hapa Kisumu, safari hii kwa mtu anayeuzia shule michezo ya hesabu ya kwenye tableti: eti mtoto alivalishwa kofia ya kusoma ubongo, mashine ikaonyesha ameelewa somo. Mashine hiyo haina uwezo huo.

Inachopima ni umeme hafifu mno, makumi ya mikrovolti tu, unaofika kwenye ngozi ya kichwa. Daktari wa akili Mjerumani, Hans Berger, ndiye aliyeunasa kwa binadamu mwaka 1924. Mawimbi yake hupewa majina kwa kasi yake: theta, mara 4 hadi 8 kwa sekunde, alfa, 8 hadi 13, beta, 13 hadi 30. Ukichukua nguvu ya beta ukaigawanya kwa jumla ya alfa na theta, unapata kielezo cha mtu kuzama kazini. Kikipanda, huchukuliwa kuwa ubongo umechangamka.

Kielezo hiki hakikuzaliwa darasani. Kilitoka NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katika utafiti wa Alan Pope na wenzake uliochapishwa 1995, na hoja yao ilikuwa kama ya rubani: chombo kinapojiendesha chenyewe, je, anayekisimamia bado yumo kazini au mawazo yamekwenda zake? Hawakuuliza kama amejifunza chochote. Mtoto aliyeelewa hesabu za sehemu, kama nusu na robo, anaweza kukipandisha, na mwenzake aliyechanganyikiwa, anayebonyeza ovyo kwa hofu ya muda kuisha, akakipandisha vilevile.

Tena beta yenyewe haitoki ubongoni peke yake. Mwambie mtoto aume meno uone mistari inavyochafuka kwenye skrini: misuli ya taya nayo hutoa umeme, na unaingia kwenye masafa hayo hayo. Na msichana aliyesukwa je? Kihisio kikikalia msuko badala ya kugusa ngozi, kinanasa kelele. Hili linaniuma, kwa sababu grafu inayotoka hapo itamwita mtoto wa watu mzembe, na kosa ni la kofia.

Kwa hiyo, mwalimu, ukiletewa grafu hiyo sema kielezo kilipanda alipokuwa akicheza, uishie hapo. Ukitaka kujua kama ameelewa sehemu, zima tableti, mpe nusu kujumlisha robo kwenye karatasi.