Je, Maandishi Yaliyochapwa Kwenye Kadi Ndiyo Neno la Mwisho?

Wachezaji wengi wa kadi za kukusanya huamini kwamba swali la kanuni likizuka mashindanoni, mwamuzi husoma maandishi yaliyochapwa kwenye kadi na kuamua kwa hayo. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa kadi nyingi husema sawasawa na kanuni. Lakini katika Magic: The Gathering, mchezo uliotoka mwaka 1993, maneno yanayotawala ni yale ya hifadhi rasmi ya matini za kadi, ambayo husasishwa kanuni zinapobadilika.

Tazama kadi za aina ya Ukuta. Nyingi za zamani hazikuandikwa kwamba haziwezi kushambulia, kwa sababu kanuni yenyewe ilizikataza kuta zote, na kanuni hiyo ilipoondolewa mwaka 2004, kuta hizo za zamani ziliongezewa katazo katika matini rasmi. Anayeshika kadi kuukuu na kudai kwamba haijakatazwa kushambulia anaisoma vizuri kabisa, ila maandishi hayo yamekwisha kupitwa.

Kabla ya mashindano, tafuta kadi zako katika hifadhi hiyo mtandaoni ulinganishe neno kwa neno, hasa zile za zamani. Na ukiwa mezani, unaweza kumwomba mwamuzi akupatie matini rasmi.