Trela mbili, kichwa kimoja: kufunga na kufungua intalinki

Trela iliyofungwa vibaya hutoka yadini vizuri tu. Inavutika, inakata kona, taa zinawaka. Halafu inakutana na bampu, na kichwa, yaani gari linalovuta, kinaenda peke yake. Mara nyingi chanzo ni kimoja: kingipini, ile pini nene iliyo chini ya trela upande wa mbele, haikuingia ndani ya mataya ya sahani inayoibeba trela, imekalia juu yake. Kilichokuwa kinaishikilia ni uzito wa mzigo.

Kwenye intalinki, yaani kichwa kimoja kinachovuta trela mbili, kosa hilo lina nafasi mbili za kutokea, kwa sababu sahani ni mbili: moja mgongoni mwa kichwa, nyingine nyuma ya trela ya mbele. Mpangilio uliozoeleka ni trela fupi ya kontena ya futi 20 mbele, ndefu ya futi 40 nyuma. Kama mzigo ni mmoja tu, usiubebeshe ya nyuma ukaacha ya mbele tupu. Kingipini ya nyuma itaelemea ekseli za trela ya mbele, na mizani itakuonyesha hata kama uzito wote uko chini ya tani 56 zinazoruhusiwa.

Kabla ya chochote, tazama chini. Kuanzia Embakasi hadi Athi River yadi nyingi zimekaa juu ya udongo mweusi, blakikotoni. Kiangazi ni mgumu na una nyufa. Mvua ikinyesha unavimba na kulainika. Mguu mmoja wa trela (ile miguu ya mbele inayosimamia ikiwa haina kichwa) ukizama kuliko mwingine, trela inainama, na ile yenye mzigo inaweza kulala kabisa. Tandika mbao nene, pana kuliko unyayo wa mguu. Jiwe silipendi: linapasuka au linateleza.

Anza na kichwa na trela ya mbele, umalize na kupima, ndipo uifuate ya nyuma. Hatua ni zilezile mara zote mbili. Breki ya trela unayoiendea iwe imefungwa na matairi yawe na vizuizi. Rudi nyuma ukiwa umenyooka, usimame kabla sahani haijaingia chini ya trela, ushuke ukapime kimo. Bamba la chini la trela liwe sawa na sahani au chini yake kidogo, lisizidi milimita 50, ili sahani ilinyanyue inapoingia. Bamba likiwa juu, kingipini itapita juu ya mataya, na ndiyo ajali niliyoanza nayo. Likiwa chini mno, utaisukuma trela badala ya kuingia chini yake, na miguu itapinda. Kama kichwa kina mabaluni ya upepo, kishushe, ingia, kipandishe hadi sahani iguse bamba, ndipo umalizie rivasi polepole.

Utasikia mlio wa taya kufunga. Usiuamini. Breki za trela zikiwa bado zimeshika, vuta mbele taratibu kwa gia ndogo, mara mbili. Kisha handibreki, zima injini, toa ufunguo, uchuchumae na tochi. Kati ya sahani na bamba pasiwe na mwanga unaopenya. Mataya yawe yameshika shingo ya kingipini, sio kichwa chake. Hendeli ya sahani iwe imerudi ndani kabisa na klipu yake imefungwa. Ukiwa hapo chini, tazama na grisi. Sahani kavu hufanya usukani uwe mzito kwenye kona. Kingipini ya kawaida ikiwa mpya shingo yake ni milimita 50.8, ikilika hadi 49, ibadilishwe.

Sasa paipu za upepo, na hapa ndipo watu hufa. Ya njano hubeba upepo wa kuamrisha breki, nyekundu hujaza tangi la upepo la trela. Funga njano kwanza, nyekundu mwisho. Trela iliyoshikwa na breki ya dharura tu, ile inayojifunga paipu nyekundu ikitoka, huachia pale nyekundu inapoingia. Kama handibreki ya kichwa haikuvutwa, vyote vinaanza kubingirika nawe umesimama katikati. Kwa hiyo mwenye kufunga paipu, awe dereva au taniboi (msaidizi wake), aikague handibreki kwa macho yake mwenyewe, asiambiwe tu kwamba imevutwa.

Kwenye trela ya nyuma kuna la ziada. Kama miunganisho ya paipu iliyo nyuma ya trela ya mbele ina koki za kufungia upepo, zifunguliwe. Zikibaki zimefungwa, ya nyuma haipati upepo. Jaza upepo, kisha nenda kwenye tangi la trela ya nyuma ubonyeze valvu ya kumwagia maji. Upepo ukitoka kwa nguvu, umefika. Mtu akanyage breki, nawe utazame kila gurudumu la nyuma likishika na kuachia. Hapo tu ndipo miguu ipandishwe hadi mwisho na hendeli yake ifungwe.

Kufungua, anza na ya nyuma. Ukianza na ya mbele utalazimika kurudi chini ya trela mbili zilizoshikana, na zikipinda kidogo tu gharama inaenda kwenye miguu. Wanaovuta kwa doli, kile kigari chenye sahani kinachobeba mbele ya trela ya nyuma, wana sababu kubwa zaidi: doli ikifunguliwa kulabu huku trela ya nyuma ingali imeikalia, mkono wake unaweza kuruka juu.

Simama mahali tambarare, umenyooka, ufunge breki ya maegesho ya trela na uweke vizuizi. Breki inayoshikwa na upepo uliobaki tangini peke yake itaachia upepo ukivuja, na asubuhi trela haiko ulikoiacha. Shusha miguu hadi iguse mbao. Kama kuna mzigo, ongeza mizunguko michache kwa gia ndogo ya hendeli ili ibebe sehemu ya uzito. Toa nyekundu kwanza, kisha njano, kisha waya wa umeme. Hendeli ya sahani ikikataa, usiipige nyundo: mataya yamebanwa. Rudi nyuma kidogo kuyalegeza, vuta handibreki, ujaribu tena.

Sogea mbele polepole, usimame sahani ikiwa bado iko chini ya bamba, uangalie kama miguu imeshika. Ikizama, bado una kitu cha kuipokea trela. Paipu zitundikwe kwenye vishikio vyake, mdomo ukielekea chini. Vumbi likiingia humo, valvu za breki ndizo zinazoharibika.