Barabara iliyoupita mji wake: Strokestown, Ireland

Strokestown, katika kaunti ya Roscommon, ni kijimji tu, lakini barabara yake kuu ingelitosha jiji. Mimi ni msanifu majengo, na nikitaka kumfundisha mtu kusoma mji uliojengwa na kabaila, naanzia hapo.

Waongoza watalii husema barabara hiyo iliiga Ringstrasse, barabara pana inayozunguka katikati ya Vienna, mji mkuu wa Austria. Miaka inakataa: Ringstrasse iliamriwa 1857, na hii ilishapangwa mwanzoni mwa karne hiyo. Upana wake una sababu ya karibu zaidi. Kwenye mwisho mmoja kuna lango la mawe la kuingilia jumba la ukoo wa Mahon, makabaila wa hapo. Kwenye mwisho wa pili, kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yohana, la 1819, lenye pembe nane. Kabaila aliyetoka nyumbani alikwenda moja kwa moja hadi madhabahuni bila kukata kona. Wapangaji wake wengi walikuwa Wakatoliki. Hawakusali humo, ila walitakiwa kulipa zaka ya kanisa hilo.

Jumba lenyewe ni la mtindo wa Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16: nyumba kuu katikati, mabawa mawili pembeni, moja la jiko na jingine la farasi. Zizi lina dari la matao juu ya nguzo za mawe, ilhali wapo wakulima wa enzi hizo waliolala katika vibanda vya udongo. Mimi hukawia zaidi jikoni. Juu ya majiko inapita roshani ya ndani, na inasimuliwa kwamba kila Jumatatu bibi mwenye nyumba aliidondosha karatasi ya mapishi ya wiki kutoka hapo, asikanyage sakafu ya wapishi. Kuna na njia ya chini ya ardhi, ili watumishi wapite bila kuonekana. Anayetaka kujua usanifu unavyoficha watu, ashuke humo.

Mwaka 1847, wakati wa njaa iliyoikumba Ireland viazi vilipoharibiwa na ugonjwa, Denis Mahon, mwenye jumba wakati huo, aliwasafirisha wapangaji 1,490 kwenda Kanada. Walitembea kwa miguu hadi Dublin, kisha wakavuka bahari, na wengi walikufa safarini. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe alipigwa risasi, akafa.

Makumbusho ya njaa hiyo yalifunguliwa 1994, kwenye uwanja wa mazizi. Kanisa nalo liligeuzwa kituo cha nasaba, wajukuu wa waliohamishwa wakaja kutafuta majina ya babu zao humo.