Mrija wa Puani na Hesabu ya Chakula cha Mgonjwa Mahututi

Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi wakiniona nikipunguza chakula kinachopita kwenye mrija wa puani, wengi hudhani namnyima, kumbe sehemu kubwa ya kazi ya mtaalamu wa lishe humo ni kuamua chakula kianze lini na kiongezwe kwa kasi gani. Kwa kawaida tunaanza ndani ya saa 24 hadi 48 tangu alazwe, mradi shinikizo la damu limetulia, kwa kuwa utumbo usiopata damu ya kutosha unaweza kuumizwa na chakula chenyewe.

Ninayemchunga zaidi ni yule aliyekaa siku nyingi bila kula, au aliyekuwa amekonda sana kabla ya kuletwa. Akipewa wanga mwingi kwa ghafla, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hupanda na kusukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, au misuli ya kupumulia ikalegea wakati ule ule madaktari wanapojitahidi kumwondoa kwenye mashine. Kwa hiyo huomba apewe vitamini B1 kwanza, tunaanza na kilokalori 10 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na majibu ya maabara ndiyo yanayoniruhusu kupandisha.

Kwa asiye na hatari hiyo, tunalenga kufikia taratibu kilokalori 25 kwa kilo, yaani 1,500 kwa mtu wa kilo 60, pamoja na protini gramu 78 hivi. Hata hapo nasoma kwanza karatasi ya dawa: propofoli, dawa ya usingizi, huandaliwa ndani ya mafuta, na ikitiririshwa kwa mililita 15 kwa saa huleta karibu kilokalori 400 kwa siku ambazo hakuna jiko lililozipika.

Chakula maalumu cha mrija ni ghali, na binafsi sioni sababu ya kuwafukuza ndugu na chupa zao za uji. Tatizo ni kwamba uji mwepesi hauna nguvu, na mzito huziba mrija. Unga kidogo wa kimea, ukikorogwa kwenye uji uliopoa kiasi, huulainisha, hivyo twaweza kuongeza unga, maziwa na mafuta, tukauchemsha tena na kuuchuja, na bado ukapita. Muuguzi husafisha mrija kwa maji kila baada ya kulisha, na kichwa cha kitanda hubaki kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45 ili mgonjwa asipaliwe.